VIDATO VYA MLIMA CELESTE

Mnazi ni mti mrefu usio na matawi. Mtu atakaye kuangua madafu hana pa kushika wala pa kukanyaga, isipokuwa shina lenyewe. Kwa sababu hiyo watu wa pwani hukata vidato katika shina la mnazi, kimoja juu ya kimoja, ili mkwezi apate mahali pa kutia unyayo wake. Mti haupungui urefu kwa kukatwa vidato. Dafu lingali juu, upepo ungali unavuma, na mwenye kukwea hana budi kujikaza. Wala hakuna amchekaye mkwezi kwa kuwa amekanyaga kidato. Neno hilo limeingia hata shuleni, maana madarasa ya sekondari nayo huitwa vidato.

Uko mlima mmoja ambao si wa mawe wala wa udongo, bali umo ndani ya mchezo wa video. Watu wengi wa nchi nyingi wamejaribu kuupanda kwa vidole vyao. Waliouunda waliukata vidato. Na hapo yakatokea mabishano, kwani wako waliosema ya kuwa mtu aliyekanyaga vidato hivyo hakupanda mlima. Habari ya mlima huo, na ya mabishano hayo, ndiyo habari ya somo hili.

1. Michezo ya majukwaa

Mchezo wa video huchezwa kwa chombo cha umeme kionyeshacho picha ziendazo katika kioo. Mchezaji hushika kidhibiti, ndicho kifaa kidogo chenye vitufe. Akibonyeza kitufe kimoja, mtu aliye katika picha hutembea; akibonyeza kingine, huruka. Michezo hii ni ya aina nyingi. Aina moja huitwa michezo ya majukwaa, kwa kuwa mtu wa katika picha huruka kutoka jukwaa moja hata jingine, akipita juu ya mashimo, na miiba, na adui wa kila namna. Akikosea huanguka, na mchezaji huanza tena.

Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo uitwao Donkey Kong. Ndani yake mtu mdogo hupanda ngazi na vyuma vya jengo, huku sokwe mkubwa akimtupia mapipa kutoka juu. Mwaka 1985 kampuni hiyo hiyo ilitoa Super Mario Bros., na tangu hapo Mario, yule mtu mwenye masharubu na kofia nyekundu, amejulikana karibu dunia nzima.

Utamu wa michezo hii umo katika ugumu wake. Shimo lirukwalo bila kujitahidi halimfurahishi mtu. Lakini shimo lililomshinda mara ishirini, akalivuka mara ya ishirini na moja, humfanya ainuke kitini na kupiga kelele. Basi waundaji wa michezo hupima kila shimo kwa uangalifu, lisiwe jepesi mno likachosha, wala gumu mno likakatisha tamaa.

2. Waliobaki chini

Lakini kipimo hicho hupimwa kwa mikono ya nani? Mwundaji hupima kwa mikono yake mwenyewe na ya rafiki zake. Mikono yao ikiwa mizima na myepesi, shimo hufaa mikono mizima na myepesi tu. Wako watu wenye mkono mmoja. Wako ambao vidole vyao hutetemeka, au huuma, au huchoka upesi. Wako wasioweza kupambanua rangi nyekundu na kijani. Na mchezo ukiwaambia kwa rangi tu kwamba hapa pana hatari na hapa pana usalama, huwa haukuwaambia neno. Tena wako wenye kifafa cha namna ambayo mimweko ya nuru huweza kuwaangusha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa watu wapatao bilioni 1.3 wana ulemavu ulio mzito, maana yake mtu mmoja katika kila watu sita. Hao si wachache wa kusahauliwa.

Wako waliowakumbuka zamani. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa kidhibiti kwa ajili ya watu wasioweza kutumia mikono. Kilivaliwa kifuani. Mchezaji alisukuma kijiti kwa kidevu chake au kwa kinywa, na badala ya kubonyeza vitufe alivuta pumzi au kupuliza katika mrija. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa kidhibiti chenye vitufe viwili vikubwa, kila kimoja mfano wa kisahani, na matundu mengi ya kuchomekea vitufe vingine. Mtu huweza kuviweka chini ya mguu wake, au kando ya kichwa, au po pote mwili wake unapoweza kufika.

Vyombo hivyo ni vyema, lakini katika michezo ya majukwaa havitoshi peke yake. Mchezo huu hautaki kitufe kibonyezwe tu. Wataka kibonyezwe wakati wake. Mtu ambaye kidole chake hukawia nusu sekunde, hata akipewa kitufe kikubwa kama sinia, ataanguka shimoni vile vile. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu aingie ndani ya mchezo wenyewe na kuzilegeza sheria zake.

Hilo lilianza kidogo kidogo. Mwaka 2009, katika New Super Mario Bros. Wii, mchezaji akifa mara nane katika hatua moja alitokewa na sanduku la kijani. Akiligonga, Luigi, nduguye Mario, alitangulia na kumwonyesha njia. Na mchezaji aliweza kushika usukani tena wakati wo wote. Mwaka 2017 mchezo wa Super Mario Odyssey uliweka njia ya msaada. Aliyeichagua alionyeshwa mishale ya kumwongoza, akapewa uhai wa mapigo sita badala ya matatu, na akianguka shimoni alirudishwa juu ndani ya povu.

3. Msichana na mlima

Tarehe 25 Januari 2018 mchezo uitwao Celeste ulitokea. Waundaji wake wakuu walikuwa Maddy Thorson na Noel Berry, waliofanya kazi na wenzao wachache. Mwanzo wake ulikuwa mchezo mdogo walioubuni kwa siku nne tu.

Celeste ni jina la mlima. Msichana aitwaye Madeline ameazimu kufika kileleni. Yeye si shujaa mwenye upanga. Ni mtu mwenye hofu nyingi. Mara nyingine hofu humshika hata akashindwa kupumua vema. Mlimani hukutana na mfano wake mwenyewe, ambao humwambia maneno ya kumvunja moyo: kwamba hawezi, na kwamba afadhali arudi nyumbani. Basi safari ile ni ya kupanda mlima, na tena ni ya kupatana na nafsi yake.

Sheria za mchezo ni chache. Madeline huweza kuruka. Huweza kushika ukuta na kuupanda, lakini nguvu zake zina mwisho, na zikimwishia huteleza. Tena huweza kujirusha mara moja angani, upande wo wote autakao mchezaji. Akiisha kujirusha, nywele zake nyekundu hugeuka kuwa za buluu, nayo ndiyo dalili kwamba hawezi kujirusha tena mpaka akanyage chini. Kwa sheria hizo chache amepangiwa zaidi ya vyumba 700, vingi vyao vikiwa na miiba kila upande. Mchezaji hufa mara mamia, pengine maelfu. Lakini kila afapo hurudishwa papo hapo mwanzoni mwa chumba kile kile, na katika mchezo imo kadi imwambiayo ajivunie hesabu ya vifo vyake, kwani kila kifo ni fundisho.

Watu waliupenda sana. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2018, katika tuzo ziitwazo The Game Awards, Celeste ilipata tuzo ya mchezo bora wa waundaji wa kujitegemea, na tuzo ya mchezo wenye kuleta faida kwa watu.

4. Huruma iliyofichwa

Wachezaji waliofika kileleni walijisifu, nao walistahili kusifiwa. Lakini liko jambo ambalo wengi wao hawakulijua. Mwaka 2020 Maddy Thorson alieleza hadharani ya kuwa mchezo ule umejaa huruma zilizofichwa, nazo humsaidia kila mchezaji bila yeye kutambua.

Huruma ya kwanza ni ya ukingo. Madeline akikimbia na kupita ukingo wa jukwaa, yampasa kuanguka, kwani chini ya miguu yake hamna kitu. Lakini mchezo humvumilia kitambo kifupi, kama sehemu ya kumi ya sekunde. Mchezaji akibonyeza kitufe katika kitambo hicho, Madeline huruka kana kwamba alikuwa angali juu ya jukwaa. Waundaji wa michezo hukiita kitambo hicho muda wa koyote. Koyote ni mnyama wa Marekani afananaye na mbweha. Na katika katuni moja mashuhuri yuko koyote akimbiaye mpaka akapita ukingo wa genge, asianguke mpaka atazame chini.

Huruma ya pili ni ya haraka. Mchezaji akibonyeza kitufe cha kuruka kabla miguu ya Madeline haijagusa chini, amebonyeza mapema. Lakini mchezo hulikumbuka agizo lake kwa kitambo, na mara miguu igusapo chini, Madeline huruka.

Huruma ya tatu ni ya pembe. Madeline akiruka na kichwa chake kikagonga pembe ya jukwaa lililo juu yake, mchezo humsogeza kando kidogo, akapita.

Huruma ya nne ni ya miiba. Madeline akiigusa huku akienda mbali nayo, haimdhuru.

Ziko na huruma nyingine, lakini hizo zatosha kuonyesha jambo lenyewe. Yule mchezaji hodari aliyesema, “Mimi nimepanda bila msaada,” alisaidiwa katika kila chumba. Aliruka amekwisha kuchelewa, mchezo ukamhesabia ameruka kwa wakati. Alibonyeza mapema, mchezo ukamngojea. Vidato vilikuwa chini ya miguu yake tangu mwanzo, ila vilikatwa kwa kipimo cha miguu yake, naye hakuvihisi.

5. Msaada ulio wazi

Kwa wale ambao huruma zilizofichwa hazikuwatosha, waundaji waliweka msaada wa pili, ambao mchezaji huufungua mwenyewe kwa kupenda kwake. Walipoanza kuutengeneza waliupa jina la udanganyifu. Kisha wakaona ya kuwa jina hilo lina hukumu ndani yake, kana kwamba autumiaye ni mwizi. Wakaliacha, wakauita Njia ya Msaada.

Ndani yake yamo mambo haya. Mchezaji huweza kupunguza mwendo wa mchezo, sehemu ya kumi kwa sehemu ya kumi, mpaka ubaki nusu ya mwendo wake wa kawaida. Huweza kumpa Madeline nguvu zisizokwisha, asiteleze ukutani. Huweza kumruhusu ajirushe angani mara mbili, au mara zo zote apendazo. Na mwisho huweza kumfanya asidhurike kabisa. Kila jambo hufunguliwa peke yake, na huweza kufungwa tena wakati wo wote. Mbali na hayo, mchezo una njia ya kupunguza mimweko ya nuru, na ya kuzuia kioo kisitikisike, kwa ajili ya wale ambao mambo hayo huwadhuru.

Mwenye kuyatazama ataona hekima iliyomo. Mtu ambaye vidole vyake ni vizito, lakini akili yake ni nyepesi kuyafumbua mafumbo ya chumba, hupunguza mwendo tu. Yale mengine yote humpata kama yampatavyo mwenziwe. Miiba ni ile ile, na akikosea hufa. Mtu ambaye mkono wake huchoka kwa kushikilia kitufe hufungua nguvu zisizokwisha, basi. Msaada haukutupwa wote kwa mara moja, kama gunia lishushwalo kichwani pa mtu, bali umegawanywa ili kila mmoja achukue kiasi cha haja yake.

Maddy Thorson hakuficha ya kuwa jambo hili lilimwia zito. Mwundaji aliyekaa saa nyingi akipima kila mwiba mahali pake huona uchungu akiona mtu apita juu ya miiba bila kudhurika. Kwake ni kama kazi yake imevunjwa. Lakini alitambua ya kuwa mchezo haukuundwa kwa ajili ya kumfurahisha mwundaji. Uliundwa kwa ajili ya mchezaji, na mwundaji hamjui mchezaji: hajui mkono wake, wala macho yake, wala alivyoshinda siku ile.

Walitokea watu wenye kupinga. Walisema kwamba mlima uliopandwa kwa msaada haukupandwa, na kwamba msaada wa mmoja hupunguza heshima ya mwingine. Neno la pili lajibika upesi. Mtu akipunguza mwendo wa mchezo nyumbani kwake, mlima wa jirani yake haukupungua hata kiasi cha ukucha. Neno la kwanza lataka kufikiriwa zaidi. Ni kweli kwamba ugumu una faida yake. Bila ugumu, habari ya Madeline haina maana. Lakini ugumu si kitu kilicho ndani ya mlima peke yake. Ugumu ni nafasi iliyopo kati ya mlima na mtu. Chumba kilichomchukua mwenye mikono miwili jioni moja huweza kumchukua mwenye mkono mmoja mwezi mzima, hata kwa mwendo wa nusu. Basi ni nani kati yao aliyepata mepesi?

6. Maneno yaliyo mlangoni

Liko jambo la mwisho, nalo ni dogo, lakini huenda ndilo kubwa kuliko yote. Mchezo ulipotoka mwaka 2018, mtu aliyeifungua Njia ya Msaada alikuta maneno ya kusoma kabla hajaingia. Maneno yale yalimwambia ya kuwa mchezo ulikusudiwa kuwa mgumu, kwamba ugumu ni sehemu yake ya lazima, na kwamba ni afadhali acheze kwanza bila msaada. Waundaji hawakukusudia ubaya. Walidhani wanamshauri mtu mwenye mikono mizima asikate tamaa mapema.

Lakini walioyasoma maneno yale hawakuwa wenye mikono mizima peke yao. Yako mambo ambayo mtu mwenye ulemavu huambiwa tangu utoto wake: jitahidi zaidi kidogo, jaribu kwanza kama wenzako. Sasa alikuwa amefika mlango uliofunguliwa kwa ajili yake, na juu ya mlango akakuta maneno yale yale. Mlango ulikuwa wazi, lakini bawabu alimtazama kwa jicho la shaka. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mchezaji mmoja mwenye ulemavu, achezaye kwa mkono mmoja na kujulikana kwa kumaliza michezo migumu kwa haraka ya kustaajabisha, alizungumza na Maddy Thorson juu ya jambo hilo. Thorson alisikiliza. Mwaka 2019 maneno yakabadilishwa. Ushauri wa kucheza kwanza bila msaada uliondolewa. Maneno mapya yalieleza kwamba Njia ya Msaada humwezesha mchezaji kugeuza sheria za mchezo zipatane na haja zake.

Hakuna mwiba ulioondolewa siku ile, wala jukwaa lililosogezwa. Sheria zote za mchezo zilibaki kama zilivyokuwa, na kilele kilibaki pale pale. Yaligeuzwa maneno machache tu. Lakini tangu siku ile, mtu mwenye vidole vizito afikapo chini ya mlima Celeste huingia kama wengine waingiavyo, bila kuulizwa kwa nini hakujaribu kwanza njia isiyo yake. Huweka mwendo wake, hushika kidhibiti chake, naye Madeline huinua macho kutazama juu.

MASWALI

1. Kidato cha mnazi ni nini? Je, mnazi hupungua urefu kwa kukatwa vidato?
2. Kwa nini kidhibiti chenye vitufe vikubwa hakitoshi peke yake katika michezo ya majukwaa?
3. Taja huruma nne zilizofichwa katika mchezo wa Celeste, na ueleze mojawapo kwa maneno yako mwenyewe.
4. Waundaji waliacha jina gani la kwanza la Njia ya Msaada, na kwa sababu gani?
5. “Ugumu ni nafasi iliyopo kati ya mlima na mtu.” Eleza maana ya maneno hayo, ukitoa mfano wa kazi ya shuleni au ya nyumbani.
6. Andika habari fupi ya mtu aliyesaidiwa kwa tendo, kisha akaumizwa kwa neno.